Kutoka New Street hadi Mbagala: nani atairithi nyumba ya jumuiya?

ALASIRI ya siku yoyote ya juma, mgeni anayepita Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Manzese hana haja ya kuuliza madrasa iko wapi. Sauti za watoto wanaosoma kwa pamoja zitamfikisha. Atawakuta wameketi juu ya mikeka, juzuu zao mapajani, wakubwa wakiwasikiliza wadogo, na ustadhi akiwa amekaa mahali anapowaona wote.

Lakini mgeni huyo akikawia kidogo ataona kuwa pale si mahali pa kusomea tu. Nyuma ya jengo kuna jeneza la mtaa na vyombo vya kuoshea maiti. Kwenye kibaraza akina mama wanahesabu fedha za kikoba chao. Baada ya Magharibi wazee watakutana na mume na mke waliokosana, wawasikilize kila mmoja kwa zamu yake. Usiku, kijana aliyefika kidato cha sita atawafundisha hesabu wadogo zake wa kidato cha pili kwa taa iliyonunuliwa kwa mchango. Hata kama hapana kibao mlangoni, mahali hapo ni nyumba ya jumuiya, na familia za mtaa mzima zinaegemea hapo kwa elimu, kwa suluhu, kwa ugonjwa na kwa msiba.

Ndugu msomaji, makala haya yanaihusu nyumba ya namna hiyo: imetoka wapi, imefanya kazi gani katika mji wetu, na kwa nini mara nyingi inamfuata mwanzilishi wake kaburini.

Mwandishi wa makala haya alisomea madrasa moja ya Temeke iliyokuwa chini ya mwembe, na baadaye katika vyumba viwili vya matofali vilivyojengwa kwa michango ya wazazi. Kila nyumba ilitoa ilichoweza. Wengine saruji, wengine mchanga, wengine nguvu zao siku za Jumapili. Kiwanja kilikuwa cha mwalimu wetu mwenyewe, mtu mpole ambaye hakuwahi kumfukuza mtoto kwa kukosa ada. Alipofariki, hati ya kiwanja ilikutwa ina jina lake peke yake. Hapakuwa na maandishi yoyote ya wakfu, wala shahidi aliyesikia akitamka kuwa ni wakfu. Warithi wake walikuwa wengi na wahitaji. Wakauza na kugawana kwa mujibu wa sheria ya mirathi. Hakuna aliyedhulumu. Hata hivyo, watoto wapatao mia moja walikosa mahali pa kusoma, na wazazi waliobeba mchanga kwa mabega yao walibaki kutazama ukuta mpya ukipanda.

Kisa hicho si cha Temeke peke yake, wala si cha leo. Ili tukielewe, yatupasa turudi nyuma hadi miaka ya 1920 na 1930, wakati mji huu ulipokuwa mdogo na wazee wetu walipoanza kujiuliza watajikusanya vipi.

Wazee wa New Street

Mwaka 1924 Dk. James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alifika Dar es Salaam akiwa na Tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa waliokutana naye ni Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Aggrey alimweleza umuhimu wa Waafrika kuwa na umoja wao. Miaka 5 baadaye, mwaka 1929, Kleist na wenzake wakaunda African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist akiwa katibu.

Wanachama walijenga jengo lao kwa kujitolea katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, leo Lumumba, na mwaka 1933 likafunguliwa na Gavana Stewart Symes. Ni katika nyumba hiyo ambamo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Leo mahali hapo pana ofisi ndogo ya Chama Cha Mapinduzi.

Mwaka huo huo wa 1933, baadhi ya wazee hao hao waliunda jumuiya ya pili, Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Mzee bin Sudi alikuwa rais wake na Kleist Sykes katibu. Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini watu walewale, wenye kazi za ajira na familia za kulisha, wajitwishe mzigo wa pili? Jibu limo katika hali ya elimu ya wakati ule. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na ruzuku ya serikali ya kikoloni ilikwenda kwa shule zilizofuata mitaala yake. Vyuo vya Kurani havikuhesabiwa. Mzazi wa Kiislamu alikuwa na njia mbili, zote nzito: ampeleke mwanawe shule ya misheni huku akihofia dini yake, au amzuie na kumwacha bila elimu itakayompa kazi.

Wazee wa Al-Jamiatul Islamiyya waliamua kuifungua njia ya tatu. Walijenga shule yao mjini, ambamo mtoto alisoma dini yake na masomo ya kisasa chini ya paa moja. Hawakuwa matajiri. Walikuwa makarani, mafundi, wafanyabiashara wadogo na wazee wa mitaa. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kuchanga na daftari la kuandika kila kilichochangwa.

Mengi ya habari hizi tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Kleist, aliyefariki mwaka 1949, aliacha kumbukumbu za maisha yake, na mjukuu wake, Daisy Sykes, akazitumia kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said naye akaieleza historia hiyo kwa upana katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, kilichotoka London mwaka 1998. Anatukumbusha humo kuwa Idd Faiz Mafongo, mweka hazina wa Al-Jamiatul Islamiyya, alikuwa pia mweka hazina wa TANU, na kwamba alishiriki katika kukusanya fedha za safari ya Mwalimu Nyerere ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Aliyeaminiwa na shilingi za jumuiya ya mtaani ndiye aliyeaminiwa na shilingi za taifa zima.

Akina mama wa Mnazi Mmoja

Historia hii haikuandikwa na wanaume peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Dar es Salaam ilipata jumba kubwa la jumuiya pale Mnazi Mmoja, lililojengwa kwa mchango wa mfanyabiashara wa Kigiriki, George Arnautoglu, na likaitwa kwa jina lake. Lilikuwa jumba la elimu ya watu wazima, mikutano na burudani. Ndani yake, mwezi Aprili 1953, ulifanyika uchaguzi uliompa Julius Nyerere urais wa TAA. Katika jumba hilo pia, mwaka 1955, akina mama wa mji huu walikusanyika kuanzisha tawi la wanawake la TANU, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi, aliyezaliwa mwaka 1926, alisoma Kurani na madarasa machache ya shule ya msingi. Alijulikana kwa sauti yake katika maulidi na ngoma za wanawake. Alipotakiwa kuwakusanya akina mama hakuanza na orodha ya wasomi, ambao hawakuwapo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, watu ambao tayari walikuwa na wanachama, michango, taratibu za kuuguzana na kuzikana. Kwa maneno mengine, jumuiya za familia zilikuwapo kabla ya jumba, na jumba lilipopatikana lilikuta watu waliokwisha kujipanga. Kwa bahati njema jumba la Arnautoglu halikupotea. Leo ni chuo cha maendeleo ya wananchi.

Kuna somo hapa kwa kamati zetu za misikiti. Mara nyingi tunajenga ukumbi kwanza, kisha tunatafuta watu wa kuujaza. Wazee walitazama kwanza ni nani anayekutana na nani, kwa haja gani, na siku ipi. Na mara nyingi waliokutana walikuwa akina mama.

Mwaka 1968

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mji ulipanuka kuelekea Ilala, Magomeni na Temeke. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu wakazi 128,742 katika Dar es Salaam yote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikwenda pembezoni, ambako viwanja vilipatikana kwa bei nafuu, na ambako msikiti wa makuti na madrasa vilitangulia barabara, maji na umeme.

Wakati huo jumuiya kubwa ya Waislamu ilikuwa East African Muslim Welfare Society, iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 na Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka: kwa kila shilingi waliyochanga Waislamu wa mahali fulani, Aga Khan aliongeza shilingi nyingine. Kwa njia hiyo misikiti na shule nyingi zilijengwa Afrika Mashariki. Mohamed Said ameeleza kuwa ulikuwapo hata mpango wa kujenga chuo kikuu cha Waislamu Chang'ombe, wilayani Temeke.

Mwezi Desemba 1968, baada ya mvutano mkubwa ndani ya jumuiya hiyo, serikali iliipiga marufuku, na katika mkutano uliofanyika Iringa likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, ambalo makao yake makuu yako Kinondoni. Mali za jumuiya iliyofungwa zikawa chini ya baraza jipya. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali.

Juu ya mwaka 1968 Waislamu wa nchi hii wana maoni tofauti, na makala haya hayakusudii kuyaamua. Tunachotaka kukitazama ni kitu kimoja tu: mchango wa mamia ya mitaa ulikuwa umefungwa katika jina la jumuiya moja, na jumuiya hiyo ilipoondoka, hatima ya mali iliamuliwa mbali na mitaa iliyoichangia. Chuo kikuu cha Chang'ombe hakikukamilika. Waislamu wa Tanzania bara walisubiri hadi mwaka 2005 ndipo Chuo Kikuu cha Waislamu kilipofunguliwa, na kilifunguliwa Morogoro, katika majengo yaliyotolewa na serikali ya Rais Benjamin Mkapa.

Kisa cha mwalimu wetu wa Temeke na kisa cha mwaka 1968 vinatofautiana kwa ukubwa. Katika kimoja mali ilikuwa kwa jina la mtu, katika kingine kwa jina la taasisi. Lakini vyote viwili vinauliza swali moja: nani hasa ni mwenye nyumba ya jumuiya?

Jawabu la wakfu

Sheria ya Kiislamu ilikwisha kulijibu swali hilo. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi nzuri Khaibar na kumwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri, alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa ardhi isiyouzwa, isiyotolewa zawadi, isiyorithiwa. Sayyidna Uthman (R.A.) naye alikinunua kisima cha Ruma Madina, ambako maji yalikuwa ya kununua, akakiachia Waislamu wanywe bure.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, wakfu ukishatimia hauvunjwi. Mwenye kuweka wakfu hawezi kuurudisha, na watoto wake hawana fungu humo. Ila lazima utamkwe wazi, na ni busara uandikwe na ushuhudiwe. Aidha mtu asisubiri hadi maradhi ya mauti, kwa kuwa wakfu wa wakati huo huingia katika hukumu ya wasia na hauvuki theluthi moja ya mali yake. Nia iliyobaki moyoni haiwezi kuwazuia warithi. Wao wana haki waliyopewa na Mwenyezi Mungu.

Mfano mashuhuri unatoka Fes, Morocco. Wanahistoria wamepokea kuwa mwaka 859 bibi mmoja, Fatima al-Fihri, alitumia mirathi ya baba yake kujenga msikiti wa Qarawiyyin. Msikiti huo ukawa mahali pa elimu, na ukaishi karne baada ya karne kwa sababu wakfu nyingi ziliwekwa kuuendesha. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyowajengea Waislamu wa Tanzania msikiti mkubwa wa Mfalme Mohammed wa Sita pale Kinondoni, baada ya ziara ya mfalme huyo mwezi Oktoba 2016.

Karibu na kwetu zaidi uko mfano wa shule za awali za madrasa. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan msaada ili watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa wamejiandaa kama wenzao. Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, akaanza kuwafunza vijana wa kike wa mtaani kuwa walimu, wakitumia vifuu, kokoto, nyimbo na hadithi za Kiswahili pamoja na mafunzo ya dini. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wazazi walichagua kamati, wanawake wakiwamo. Jumuiya ilichanga, mfadhili akaongeza, na fedha hizo zikawekezwa ili faida yake isaidie mishahara ya walimu. Msomaji atatambua humo umbo la wakfu: asili inazuiwa, matunda yanatumika.

Yaliyo mikononi mwetu

Basi familia za Mbagala, Kigogo, Tandale au Yombo zifanye nini? Mambo manne yanawezekana bila kumsubiri mfadhili.

Kwanza, hati. Kamati iulize leo, wakati mwenye kiwanja yu hai na ana afya, kiwanja ni cha nani. Akikubali kuwa ni wakfu, tamko liandikwe mbele ya mashahidi, watu wazima katika familia yake wakiwapo, na ofisi ya serikali ya mtaa ijulishwe. Sheria ya nchi inaruhusu bodi ya wadhamini kusajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko katika wakala wa RITA. Bodi iliyosajiliwa inaweza kumiliki ardhi kwa jina lake, na mdhamini mmoja akifariki mali haiyumbi. Katiba ya bodi ieleze pia mali itakwenda wapi endapo jumuiya itavunjika.

Pili, daftari. Mzazi anayeona ubaoni kila Ijumaa kiasi kilichoingia na kilichotoka hatachoka kuchanga. Ugomvi mwingi wa misikiti yetu huanza pale ambapo mtu mmoja anashika fedha, ufunguo na kalamu.

Tatu, kazi ya kituo itokane na haja ya familia. Chukua mfano wa ndoa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka, isipokuwa katika hali maalumu, wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufikishwa mahakamani. Wazee wa kituo wanaoijua sheria hiyo, wanaosikiliza kwa haki na kuandika waliyoyasikia, huwapunguzia wanandoa safari na gharama nyingi. Vivyo hivyo mjane anayedai mirathi anahitaji mtu wa kumweleza haki yake kwa Kiswahili chepesi kabla hajapelekwa na ndugu wa marehemu asikokujua.

Nne, warithi wa kazi. Vijana na akina mama wawemo katika kamati kwa kura na kwa majukumu, si kwa kupika siku ya maulidi tu. Al-Jamiatul Islamiyya ilikuwa na Mzee bin Sudi na Kleist Sykes, lakini miaka zaidi ya 20 baadaye ilikuwa pia na mweka hazina kama Idd Faiz Mafongo. Jumuiya inayotegemea pumzi za mtu mmoja itasita pale pumzi hizo zitakaposita.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa kuandikiana hati kunaonyesha kutoaminiana. La hasha. Mwalimu wetu wa Temeke tulimwamini sote, naye alistahiki kuaminiwa. Imani yetu kwake ilikuwa kamili na karatasi hapakuwa nayo. Iliyokosekana ni barua ya ukurasa mmoja, na gharama ya ukurasa huo imelipwa na watoto ambao wakati ule walikuwa hawajajua hata kusoma alifu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Madrasa iliyowekwa wakfu huenda ikazikusanya zote tatu mahali pamoja. Leo, baada ya sala ya Ijumaa, wazee wa kila msikiti wanaweza kubaki dakika 10 na kuulizana swali moja tu: hati ya mahali hapa iko wapi, na ina jina la nani?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika kazi hii, awape subira wanaoiendeleza, na atujaalie tuwaachie watoto wetu nyumba ambayo hapana atakayeiuza. Wabillahi tawfiq.